Toyota imebaki bila mtani Safari Rally

MACHI 8, 2025 Dar es Salaam iliamka imevaa jezi, ikalala bila mechi. Derby ya Kariakoo iliahirishwa, na ikabidi kusubiri hadi Juni 25 ndipo Yanga wakaifunga Simba mabao 2-0. Kwa zaidi ya miezi mitatu mashabiki walionja ligi iliyokosa mchezo wake mkubwa. Msimamo ulikuwepo, pointi zilikuwepo, ila utamu haukuwepo.

Wiki mbili baada ya siku ile, kule Naivasha nchini Kenya, Elfyn Evans alivuka mstari wa mwisho wa Safari Rally akiwa na Toyota. Ulikuwa ushindi wa tano wa kampuni hiyo katika mashindano matano tangu Safari irejee kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Sebastien Ogier alishinda 2021 na 2023, Kalle Rovanpera akachukua 2022 na 2024, kisha Evans 2025. Mwaka 2022 na 2023 Toyota hawakuishia kushinda tu, walikamata nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne.

Kwa shabiki wa Toyota hiyo ni raha tupu. Kwa Safari yenyewe ni tatizo, na ni tatizo ambalo mtu wa soka analielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Mashindano yaliyojengwa juu ya utani wa kampuni za magari sasa yana timu moja inayotamba na wengine wanaosindikiza.

Utani ndiyo mchezo wenyewe

Mbio ndefu za magari hazijawahi kuwa za madereva peke yao. Kwenye soka mchezaji akihama, jezi inabaki. Kwenye mbio hizi jezi ni nembo iliyo mbele ya gari. Dereva anakuja na kuondoka, lakini Ford, Porsche, Ferrari na Toyota wanaendelea kudaiana visasi kwa miaka mingi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa zilizoanza mwaka 1923. Mwaka 1963 Henry Ford II alitaka kuinunua Ferrari, Enzo Ferrari akakataa dakika za mwisho. Ford wakaapa kumfuata uwanjani. Ferrari walikuwa wababe wa Le Mans kuanzia 1960 hadi 1965, lakini Juni 1966 Ford GT40 zikamaliza ya kwanza, ya pili na ya tatu, na Ford wakashinda mpaka 1969. Hadithi ile ilikuja kutengenezewa filamu mwaka 2019, na wengi walioiona hawajawahi kutazama mbio hizo hata dakika moja. Waliufuata ugomvi.

Sasa angalia kilichotokea hapo hapo Le Mans miaka ya karibuni. Audi walijiondoa mwishoni mwa 2016, Porsche wakafuata mwishoni mwa 2017. Toyota wakabaki kwenye daraja la juu bila kiwanda kingine cha kuwatisha. Wakashinda 2018, 2019 na 2020, wakaendelea 2021 na 2022. Magari yao yalikuwa mazuri kweli, lakini maneno ya watu yalikuwa yale yale ya pointi tatu za mezani.

Kilichobadilisha hali hakikuwa Toyota kudorora. Ni sheria mpya zilizopunguza gharama za kutengeneza gari la daraja la juu. Ferrari wakarudi 2023 baada ya miaka 50 ya kukaa pembeni, Porsche wakarudi, Peugeot na Cadillac nao wakaingia kupambana. Ferrari wakabeba 2023, 2024 na 2025. Somo la pale ni kwamba mtani haji kwa kuombwa. Anakuja akiona mlango uko wazi na gharama anaimudu.

Dar ilikuwa ndani ya mchezo

Vijana wengi wa Dar leo wanaijua Safari Rally kama kitu cha Kenya. Haikuanza hivyo. Mashindano ya kwanza, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na kuanzia 1960 yakaitwa East African Safari.

Hayakuwa mashindano ya kitoto. Njia ilifika maelfu ya kilomita, barabara zilikuwa wazi kwa watu wote, na ng'ombe waliruhusiwa kukatiza muda wowote wanaotaka. Kwa kuwa mbio zilikuwa zikifanyika kipindi cha Pasaka, mvua za masika ziliingia kwenye kikosi kama mchezaji wa 12. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, na yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Peugeot 404.

Katikati ya ushindi huo wa Nowicki kuna jina ambalo Dar ilipaswa kulitamba nalo zaidi. Bert Shankland, Mskoti aliyehamia Tanzania na kufanya kazi na Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Gari lilikuwa Peugeot 404, aina ile ile ambayo wakala alikuwa akiwauzia wateja.

Fanya hesabu ya mwaka 1966. Miezi michache kabla ya Ford kuinyanyasa Ferrari pale Le Mans kwa kumwaga fedha nyingi kwenye gari ambalo mtu wa kawaida hawezi kulinunua, Peugeot walishinda Safari kwa gari la familia likiendeshwa na mtu wa gereji za Dar es Salaam. Ugomvi wa kampuni ulikuwa ule ule, ila huku ulikuwa karibu na mwananchi.

Mwaka 1972 Dar ilipata heshima nyingine. Safari ya mwaka huo ilianzia hapa hapa jijini. Datsun walikuja wakiwa mabingwa wa miaka miwili, Porsche walileta 911, Ford walileta Escort. Hannu Mikkola wa Finland akashinda na Ford, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuchukua taji hilo. Sobieslaw Zasada akashika nafasi ya pili na Porsche.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Idi Amin alikuwa ameshachukua madaraka Uganda tangu Januari 1971, na uhusiano wake na Tanzania ulikuwa wa moto. Mwaka 1972 akawafukuza Waasia. Kati ya walioondoka ni Shekhar Mehta, aliyehamia Kenya, na mwaka uliofuata akashinda Safari na Datsun. Kuanzia 1974 mashindano yakabeba jina la Safari Rally na kuwa ya Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika 1977. Dar ikatoka kwenye ramani, na mpaka leo haijarudi.

Kila zama na watani wake

Ukipitia orodha ya washindi utaona kitu kimoja kinachojirudia. Safari ilipokuwa tamu, kulikuwa na angalau wababe wawili wanaotafutana.

Miaka ya 1960 ilikuwa Peugeot na Ford. Peugeot wakachukua 1963, Ford wakajibu na Cortina 1964, Peugeot wakakamata 1966, 1967 na 1968, Ford wakarudi 1969. Katikati, mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya akawapita wote na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mashindano mengine kabla ya kufika mikononi mwake. Kwa lugha ya Kariakoo, ilikuwa mtumba, na mtumba ule ukawavua nguo wenye magari mapya.

Miaka ya 1970 wakaingia Wajapani. Datsun wakashinda 1970, 1971 na 1973, na ule wa 1973 ulikuwa wa kipekee kwa sababu Mehta na Harry Kallstrom, wote wa Datsun, walimaliza na adhabu sawasawa, ikabidi kanuni ya kutenganisha ndiyo iamue. Mitsubishi wakapita na Joginder 1974 na 1976. Peugeot wakapata 1975 na 1978, Ford 1977. Kisha Mehta akaibeba Datsun miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Toyota nao walipoanza kutamba 1984 hawakuwa peke yao kwa muda mrefu. Walishinda mara tatu mfululizo, Audi wakawakatisha 1987, halafu ikaja derby ya kweli na Lancia ya Italia. Lancia wakachukua 1988 na 1989 kupitia Miki Biasion, Toyota wakajibu 1990, Lancia wakarudisha 1991, Toyota wakafunga mjadala 1992. Mwishoni mwa miaka hiyo Mitsubishi, Subaru na Ford wakapokezana kijiti mpaka 2002, mwaka ambao Colin McRae alishinda na Ford na Safari ikatoka kwenye kalenda ya dunia.

Jumla, Toyota wana mataji 13 ya Safari hadi 2025. Manane ya zamani yalipatikana katikati ya vita. Matano ya sasa yamepatikana kwenye uwanja ambao mpinzani mara nyingi anajifunga mwenyewe.

Hapo lazima haki itendeke. Mwaka 2021 Thierry Neuville wa Hyundai aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja, shokapu ikamsaliti, taji likaenda kwa Ogier. Mwaka 2024 Ford walipata nafasi ya tatu kupitia Adrien Fourmaux. Mwaka 2025 Hyundai walishika ya pili na ya tatu. Kwa hiyo kasi ipo. Kinachokosekana ni gari linalovumilia vumbi laini kama unga na mawe yaliyojificha chini yake kwa siku zote za mbio. Safari haijawahi kumpa taji anayekimbia tu, inampa anayefika.

Kariakoo imeshaamua

Zamani ushindi wa Safari ulikuwa na kazi ya pili. Ulikuwa tangazo. Mtu aliyetaka gari la kwenda Songea au Bukoba hakuhitaji maelezo marefu, aliangalia ni lipi limetoka kwenye matope likiwa bado linatembea. Wakala akiweka gari la mshindi mbele ya duka lake, mteja alikuwa anaona kitu anachoweza kukinunua. Mbio zilikuwa refa wa soko.

Leo refa huyo hana filimbi. Ukipita kwenye maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani, Toyota imejaa kwenye rafu kuliko nembo nyingine, na sababu haina uhusiano na Naivasha. Magari yaliyotumika yanashuka bandarini kutoka Japani yakiwa na usukani wa kulia. Anayenunua IST au Noah anauliza maswali matatu tu: inakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana, na nikitaka kuuza itauzika? Hakuna anayeuliza nani alishinda Safari mwaka jana.

Hapa ndipo penye jambo ambalo waandaaji wa mbio hawalisemi sana. Gari la daraja la juu linaloshinda Safari siku hizi linabeba jina la GR Yaris, lakini halifanani na kitu chochote kinachouzwa dukani. Ni mashine iliyojengwa kwa ajili ya mbio. Fundi wa gereji ya Ilala aliyeweza kuifungua 404 ya Shankland kwa spana zake za kawaida hana cha kufanya nalo.

Matokeo yake ni kwamba Toyota hawana haja ya Safari ili wauze Dar, na kampuni nyingine haioni kwamba kushinda Safari kutaivunja Toyota pale Kariakoo. Faida ya kuja kupigana imepungua, gharama ya kuja imepanda. Mtani gani atakuja kwa hesabu hiyo?

Deni la Porsche

Ukitaka ushahidi kwamba watu bado wana njaa ya utani huu, uangalie East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003. Yanarudisha Ford, Datsun na Porsche za kizazi kile, na njia yake imeshavuka mpaka kuingia kaskazini mwa Tanzania mara kadhaa.

Porsche ndiyo wenye kisa kizuri zaidi. Hao ni wafalme wa Le Mans, mataji 19, hakuna aliyewafikia. Lakini Safari yenyewe hawajawahi kushinda hata mara moja. Walikuwa wa pili 1972, wa pili tena 1974 na Bjorn Waldegard, wa pili kwa mara nyingine 1978 na Vic Preston Junior. Ni kama timu inayofika fainali tatu na kurudi nyumbani na medali za fedha.

Kwenye Classic deni likaanza kulipwa. Ian Duncan wa Kenya alishinda 2009 na Ford Mustang. Mwaka 2011 Waldegard, akiwa na umri wa miaka 68, akashinda na Porsche 911, miaka 37 baada ya kuikosa. Duncan akajibu 2013 na Ford Capri, Stig Blomqvist akairudishia Porsche 2015. Ford, Porsche, Ford, Porsche. Hakuna kiwanda kilichokuwa kikitafuta ubingwa wa dunia pale, lakini utani ulikuwa hai kwa sababu magari yalikaribiana uwezo na kila upande ulikuwa na historia ya kutetea.

2027 inabeba nini

Mwaka 2027 unakuja na mambo mawili yanayogusa habari hii.

La kwanza ni sheria mpya za ubingwa wa dunia wa rali. Gari la daraja la juu litawekewa kikomo cha bei cha euro 345,000, na watengenezaji wasio viwanda vikubwa wataruhusiwa kujenga magari yao. Ni dawa inayofanana na ile iliyoiponya Le Mans. Haina uhakika wa kuponya, kwa sababu kushusha bei ya kiingilio hakumlazimishi mtu kuingia uwanjani. Ila bila hiyo Safari ingeendelea kuwa mechi ya mazoezi ya Toyota.

La pili ni AFCON. Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja, na tayari Agosti 2025 zilifanya majaribio na CHAN, ikafunguliwa kwa Mkapa na fainali ikachezwa Kasarani. Nchi zile zile tatu zilizoshindwa kuendelea na Safari miaka ya 1970 sasa zinagawana viwanja, hoteli na mashabiki. Kama mpira umeweza kurudisha umoja huo, swali la kwa nini mbio za magari zisirudi upande wa Tanzania siyo ndoto ya wazee tena.

Tusidanganyane lakini. Mbio za zamani za kupita barabara zenye daladala na watembea kwa miguu haziwezi kurudi. Dar ya leo haifungwi kwa ajili ya magari ya mashindano, na usalama wa watu ni jambo la kwanza. Safari ya 2025 ilikuwa na takriban kilomita 380 tu za kupimwa muda, kwenye njia zilizofungwa. Kinachowezekana ni hatua moja au mbili kaskazini, kule ambako Classic imeshapita, na kuikuza Mkwawa Rally ambayo imeipa Tanzania raundi ya ubingwa wa Afrika.

Hilo likifanyika, Tanzania itafaidika kwa namna ambayo duka la spea haliwezi kuleta. Mafundi watashika magari ya mashindano, madereva watapata pa kupimwa, na kampuni za magari zitaona soko la nchi tatu badala ya moja. Anayetaka kumvua Toyota ufalme wa Afrika Mashariki atakuwa na sababu ya kuja kujaribu mbele ya macho ya wanunuzi.

Toyota wenyewe wanalihitaji hilo kuliko wanavyokiri. Waldegard alipowapa mataji ya miaka ya 1980 na 1990, kila mtu alijua walikuwa wamempita nani. Haya ya sasa yanaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu, lakini barazani hayana wa kubishana naye. Simba wanalijua hilo, Yanga wanalijua hilo. Kombe unaweza kulibeba peke yako, ila ukubwa lazima akupe mtani.